Dhahabu Hupimwa, Kompyuta Husifiwa

Katika soko la madini la Chunya, lililoanzishwa mwaka 2019 sambamba na masoko mengine ya aina hiyo nchini, hakuna mnunuzi anayelipa kwa kusikia sifa. Mchimbaji aweza kuleta dhahabu yake kutoka Makongolosi au Matundasi, na aweza kuapa kwamba haijapata kuonekana nyingine mfano wake. Lakini bei haitajwi mpaka dhahabu hiyo iwekwe juu ya mizani na usafi wake ujulikane. Desturi hii ni ya lazima, kwa kuwa dhahabu ya miamba na mchanga wa Lupa, kama dhahabu ya asili popote duniani, huwa imechanganyika na madini mengine, hasa madini ya fedha. Mng'aro peke yake haumwambii mtu kitu.

Mojawapo ya njia kongwe za kuipima dhahabu ni kuitumbukiza majini. Njia hii hunasibishwa na Archimedes, mtaalamu wa Kigiriki aliyeishi katika mji wa Siracusa katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Hadithi yasema kwamba mfalme alimtaka achunguze kama taji lake lilikuwa la dhahabu tupu, pasipo kulivunja. Kanuni yenyewe ni nyepesi: kitu kinapozama majini hupungukiwa na uzito ulio sawa na uzito wa maji kinayoyasukuma. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, ya madini ya fedha gramu 10.5. Basi kipande cha dhahabu safi cha gramu 193, kikipimwa ndani ya maji, kitasoma gramu 183. Kipande kingine cha gramu 193, ambacho nusu ya uzito wake ni dhahabu na nusu ni madini ya fedha, kitasoma karibu gramu 179. Kwa macho vyaweza kufanana, majini haviwezi.

Lakini mchimbaji yuleyule, akisha kuuza dhahabu yake na kutaka kumnunulia mwanawe kompyuta, hana mizani. Mwalimu mkuu wa shule ya kata naye, apewapo na wazazi fedha za kununulia kompyuta za shule, hana mizani. Wote wawili hutegemea yale wanayoyasoma magazetini, wanayoyasikia redioni na wanayoyaona katika simu zao. Na huko aghalabu hukuta majina machache yaleyale, ya kampuni kubwa zilezile, kana kwamba duniani hakuna mashine nyingine wala programu nyingine. Jambo hili si dogo. Taarifa inayopendelea kilicho maarufu humfanya mnunuzi alipie umaarufu badala ya kulipia kazi, na hasara hiyo huwa kubwa zaidi kwa yule aliye mbali na umeme, mbali na fundi, na mbali na duka.

Kompyuta iliyopewa jina la Archimedes

Kisa kinachofundisha zaidi juu ya jambo hili kilitokea katika mji wa Cambridge, nchini Uingereza. Mwezi Agosti mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ya mezani iliyoitwa IBM PC. Mwezi Desemba mwaka huohuo kampuni ndogo ya Cambridge iitwayo Acorn ilitoa kompyuta ya BBC Micro, iliyokusudiwa kufundishia watoto na watu wazima kwa kushirikiana na shirika la utangazaji la BBC. Kompyuta hiyo ilienea sana katika shule za Uingereza. Hata hivyo wahandisi wa Acorn waliona kwamba siku zake si nyingi, na kwamba walihitaji prosesa yenye nguvu zaidi, yaani ile sehemu ya kompyuta inayotekeleza maagizo moja baada ya jingine.

Walizichunguza prosesa zilizokuwa zikiuzwa wakati ule, wasiridhike nazo. Mwaka 1983 baadhi yao walisafiri hadi Arizona nchini Marekani, kwenye kampuni iliyokuwa ikiunda prosesa mpya. Walitarajia kukuta jengo kubwa na wataalamu wengi. Wakakuta kundi dogo la watu na vifaa vya kawaida. Wakarudi nyumbani na wazo moja: kama hawa wanaweza, na sisi tunaweza. Sophie Wilson akabuni orodha ya maagizo ambayo prosesa mpya ingeyaelewa, na Steve Furber akabuni umbo la ndani la chipu yenyewe.

Fikra waliyoifuata ilikuwa imeanza kujadiliwa katika vyuo vikuu vya Marekani. Prosesa nyingi za wakati ule zilifanana na fundi mwenye sanduku kubwa la zana, kila zana ikiwa imetengenezwa kwa kazi yake maalumu. Fundi huyo hupoteza muda mwingi akitafuta zana, na sanduku lenyewe ni zito kubeba. Fikra mpya ilikuwa ya fundi mwenye zana chache na nyepesi, azijuaye vizuri, ambaye hufanya kazi ngumu kwa kuunganisha kazi rahisi nyingi kwa haraka. Prosesa ya namna hiyo huhitaji transista chache, yaani vile viswichi vidogo mno vinavyochongwa juu ya silikoni. Chipu ya kwanza ya Acorn, iliyopewa jina la ARM, ilikuwa na transista zipatazo 25,000. Prosesa ya Intel iitwayo 80386, iliyotolewa mwaka huohuo wa 1985, ilikuwa na transista 275,000.

Chipu hiyo ilifika Cambridge kutoka kiwandani mwezi Aprili mwaka 1985, ikafanya kazi siku ileile. Furber alipotaka kupima umeme uliokuwa ukitumika, mita ilisoma sifuri. Uchunguzi ulionyesha kwamba waya wa umeme wa chipu haukuwa umeunganishwa, na kwamba chipu ilikuwa ikijiendesha kwa umeme mdogo uliopenya kupitia nyaya za ishara. Wabunifu walikuwa wamekusudia isizidi wati 1, ili iweze kufungwa katika kasha rahisi la plastiki lisiloyeyuka kwa joto. Kumbe ilihitaji takriban sehemu moja tu ya kumi ya wati. Uchache wa transista ulikuwa umeleta faida ambayo hata wenyewe hawakuitarajia kwa kiasi kile.

Hapa ndipo vyombo vya habari vinapoingia katika kisa hiki. Kazi ilikuwa imefanywa kwa siri. Furber amesimulia kwamba alipompigia simu mwandishi mmoja wa habari ili kumweleza kuwa Acorn imeunda prosesa yake yenyewe, mwandishi huyo hakusadiki. Alisema kwamba kama jambo hilo lingekuwa la kweli angekuwa amekwisha kulijua, kisha akakata simu. Mwandishi huyo hakuwa mtu mwovu. Alikuwa na picha kichwani mwake ya mahali zitokapo habari za prosesa, na Cambridge haikuwamo katika picha hiyo.

Mwaka 1987 Acorn ilitoa kompyuta ya mezani yenye prosesa hiyo, ikaiita Archimedes. Iliweza kutekeleza takriban maagizo milioni 4 kwa sekunde, kasi ambayo kompyuta nyingi za mezani za wakati ule hazikuifikia. Lakini nje ya Uingereza, na hata ndani ya Uingereza nje ya shule, haikupata nafasi. Ofisi zilikuwa zimekwisha kuifuata IBM na wale walioiiga, na magazeti ya kompyuta yaliifuata njia hiyohiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Acorn ikavunjwa.

Msomaji asidhani kuwa kisa kimeishia hapo. Mwezi Novemba mwaka 1990 Acorn, pamoja na Apple na VLSI Technology, zilikuwa zimeanzisha kampuni ya pembeni ya kuendeleza ile prosesa. Simu za mkononi zilipoanza kuenea, watengenezaji walihitaji prosesa isiyomaliza betri upesi. Ile sifa ya mita iliyosoma sifuri, ambayo katika kompyuta ya mezani haikuthaminiwa na mtu, sasa ikawa ndiyo sifa inayotafutwa. Kufikia mwaka 2022 chipu zenye ubunifu wa ARM zilizokuwa zimetengenezwa duniani zilikuwa zaidi ya bilioni 250. Karibu kila simu ya kisasa inayoulizia bei ya dhahabu huko Chunya huendeshwa na mjukuu wa chipu ile ambayo mwandishi wa habari alikataa kuamini kuwa ipo.

Kwa nini sauti huwa moja

Ni rahisi kuwalaumu waandishi wa habari, lakini lawama pasipo kueleza chanzo haina faida. Upendeleo huu una mizizi yake, na mingi haitokani na hila.

Mzizi wa kwanza ni matangazo. Gazeti la kompyuta halikuishi kwa bei ya nakala peke yake. Liliishi kwa kurasa za matangazo. IBM iliitangaza PC yake kwa picha ya yule mzururaji wa sinema za Charlie Chaplin, ikaisambaza katika magazeti na televisheni kwa miaka kadhaa. Magazeti yaliyoanzishwa kwa ajili ya mashine hiyo moja yalinenepa hadi kufikia mamia ya kurasa kwa toleo. Kampuni ndogo haikuwa na fedha za kununua kurasa hizo. Mhariri hahitaji kuamriwa na mtangazaji ili apendelee. Yatosha kwamba habari za mwenye matangazo hupata jirani kila ukurasa, na za asiye na matangazo hukosa mahali pa kuketi.

Mzizi wa pili ni wasomaji wenyewe. Mhariri huandikia walio wengi. Walio wengi wana mashine ya aina moja, kwa hiyo habari huwa za mashine hiyo. Na kwa kuwa habari ni za mashine hiyo, mnunuzi mpya naye huichagua. Mduara huo hujizungusha wenyewe kama gurudumu linaloteremka mlima Loleza, na kadiri unavyozunguka ndivyo unavyoongeza mwendo.

Mzizi wa tatu ni vifaa vya majaribio. Kampuni kubwa humpelekea mwandishi mashine mpya aijaribu kabla haijauzwa. Mradi wa chuo kikuu au kundi la wajitoleaji halina mtu wa kufanya kazi hiyo. Mwandishi mwenye siku mbili za kumaliza makala ataandika juu ya kile kilicho mezani pake.

Mzizi wa nne, ambao ni mgumu zaidi kuuona, ni kipimo chenyewe. Mashine hupimwa kwa kazi ambazo mashine inayotawala huzifanya vizuri: kasi ya michezo, ubora wa picha, wepesi wa kufungua programu fulani. Kipimo cha umeme unaotumika, cha kufanya kazi pasipo mtandao, cha kudumu katika vumbi la mwezi wa Septemba, au cha kutengenezwa na fundi wa mtaani, mara nyingi hakimo. Archimedes wa Siracusa angesema kwamba hapo dhahabu imepimwa hewani tu, haijapimwa majini.

Ni haki pia kusema upande wa pili. Umaarufu wa kitu wakati mwingine ni ushahidi wa ubora wake, na hata usipokuwa hivyo una faida zake za kweli. Mashine iliyo ya kawaida ina mafundi wengi, vipuri vingi, na walimu wanaoijua. Mtu aliyejifunza programu inayotumika ofisini hupata kazi kwa urahisi zaidi. Kampuni ya Acorn yenyewe ilikuwa na udhaifu wa biashara usiotokana na gazeti lolote. Mwaka 1985 ilikuwa karibu kufilisika. Kwa hiyo hoja haisemi kwamba kisichojulikana ndicho bora. Hoja yasema kwamba umaarufu ni sifa moja kati ya nyingi, na kwamba mwenye kuandika makala ya teknolojia ana wajibu wa kuzipima na zile nyingine.

Mafunzo ya nyumbani

Tanzania ina uzoefu wake katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matarajio yalikuwa makubwa, lakini mradi wa kuhamishia hesabu za Serikali katika kompyuta haukufaulu, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake isipokuwa kwa kibali. Marufuku hiyo hukumbukwa leo kama kizuizi cha maendeleo, na ni kweli kwamba ilichelewesha mengi. Lakini kiini chake kilikuwa swali la maana ambalo lilikuwa halijaulizwa kabla ya ununuzi: mashine hii inafaa kazi gani, kwa watu gani, na katika mazingira gani?

Mfano wa pili ni wa lugha. Katikati ya mwaka 2004 ilitangazwa kwamba kampuni ya Microsoft ilikuwa ikijiandaa kutoa programu zake katika Kiswahili. Habari hiyo ilichapishwa na vyombo vya habari vya kimataifa, ingawa bidhaa yenyewe ilikuwa bado haijaonekana. Wakati huohuo, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi ulioitwa Kilinux ulikuwa ukitafsiri programu huria, yaani programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzinakili na kuzirekebisha. Mwezi Desemba mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia barua, kupigia hesabu na kutayarishia maonyesho, menyu zake zikiwa katika Kiswahili, na bei yake ikiwa bure. Programu za Kiswahili za Microsoft zilifuata baadaye.

Jambo ilitajwa magazetini ilipotoka, na si haki kudai kwamba ilinyamaziwa kabisa. Lakini kutajwa mara moja si sawa na kufuatiliwa. Bidhaa ya kampuni kubwa hurudi magazetini kila litokapo toleo jipya, kila ibadilishwapo bei, kila mkurugenzi atembeleapo nchi. Kazi ya chuo haina idara ya matangazo. Ikisha kutajwa siku ya uzinduzi hubaki kujitetea yenyewe. Mwalimu ambaye hakulinunua gazeti la siku ile hakupata nafasi ya pili ya kujua kwamba programu ya Kiswahili ilikuwapo, na kwamba ingemfikia kwa gharama ya kisahani kimoja tu.

Mfano wa tatu unaonyesha kwamba kisichoandikwa chaweza hata hivyo kufanya kazi kubwa. Takwimu za zahanati na vituo vya afya vya wilaya ya Chunya, kama za wilaya nyingine nchini, huingizwa katika mfumo uitwao DHIS2: idadi ya watoto waliochanjwa, ya wagonjwa wa malaria, ya akina mama waliojifungua. Mfumo huo ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kwa miaka mingi katika kuutohoa kwa mahitaji ya Tanzania. Vivyo hivyo Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Kifini aitwaye Linus Torvalds. Tangu Novemba mwaka 2017 kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani huendeshwa na mfumo huo, na ndio ulio katika kiini cha simu zote za Android. Watu wanaoutumia kila siku pasipo kulijua jina lake ni wengi kuliko wanaolijua.

Shule ya mfano

Maneno haya na yapelekwe sasa mahali penyewe. Na ifikiriwe shule ya sekondari ya mfano, mbali na mji wa Chunya, katika nyika ya mashamba ya tumbaku kuelekea kaskazini, isiyofikiwa na nguzo za umeme. Wazazi wamechanga, na shule yataka kompyuta 20 zitakazofanya kazi kwa muda wa saa 5 kila siku kwa umeme wa jua.

Tuseme mwalimu mkuu amefuata matangazo, akachagua kompyuta za mezani za kawaida. Kompyuta moja pamoja na kioo chake yaweza kutumia wati 100. Kompyuta 20 hutumia wati 2,000, na kwa saa 5 zahitaji uniti 10 za umeme kwa siku. Jua likihesabiwa kuwa na nguvu kamili kwa saa 5, na umeme unaopotea njiani ukiwa asilimia 30, shule itahitaji paneli 10 za wati 300 kila moja. Ili kuhifadhi umeme wa siku moja, kwa betri za volti 12 na ampea-saa 200 zinazotumiwa nusu tu ili zidumu, zitahitajika betri 9.

Sasa tuseme amechagua kompyuta ndogo za aina ya Raspberry Pi. Hizi zilianza kuuzwa mwaka 2012, nazo pia zilibuniwa Cambridge, na prosesa yake ni ARM. Kompyuta hiyo, yenye ukubwa wa pakiti ya karata, hutumia wati 5 hivi katika kazi za kawaida; pamoja na kioo cha wati 20 jumla ni wati 25. Kompyuta 20 hutumia wati 500, yaani uniti 2.5 kwa siku. Paneli zinazohitajika ni 3, na betri ni 3. Betri ndiyo gharama inayorudi kila baada ya miaka michache, kwa hiyo tofauti ya betri 9 na betri 3 si tofauti ya siku ya kununua tu. Ni tofauti kati ya chumba cha kompyuta kinachoendelea kufanya kazi na chumba kilichofungwa kwa kufuli.

Mpimaji mwaminifu hataishia hapo. Kuna kompyuta za mapajani za kawaida ambazo hutumia wati 30 tu au zaidi kidogo, na zina betri zake zenyewe. Mbele ya hizo faida ya umeme karibu itoweke, na hoja itahamia kwenye bei na matengenezo. Tena kompyuta hizi ndogo zina udhaifu wake: hifadhi yake huwa katika kadi ndogo kama ya simu, na umeme ukikatika ghafla wakati kadi inaandikwa, kadi yaweza kuharibika. Shule inayozichagua yapaswa kuwa na kadi za akiba zilizokwisha kunakiliwa, na mwalimu aliyefundishwa kuzibadilisha. Yote haya ndiyo yanayostahili kuandikwa, mema na mabaya, kwa tarakimu.

Jambo jingine ni la mashine kuukuu. Tarehe 14 Oktoba mwaka 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10, na mfumo unaoufuata haukubali kuwekwa rasmi katika kompyuta nyingi za zamani. Makala nyingi zilizoandikwa juu ya tukio hilo zilimshauri msomaji anunue kompyuta mpya. Kwa shule yenye mashine za mitumba ushauri huo ni mzito. Mashine hizohizo, zikiwekewa Linux pamoja na programu ya LibreOffice iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, zaweza kuendelea kufundishia uandishi na hesabu kwa miaka kadhaa. Na mahali ambapo mtandao ni haba, programu ya huria iitwayo Kiwix humwezesha mwanafunzi kuisoma Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili, pasipo mtandao wowote, maadamu imekwisha kunakiliwa mara moja mjini.

Wajibu wa mwandishi na wa msomaji

Tiba ya upendeleo huu si kupendelea upande wa pili. Mwandishi anayesifu kila kilicho kigeni na kisichojulikana ni mpotoshaji kama yule anayesifu kila kilicho maarufu. Tiba ni kutaja vipimo. Kila makala inayomshauri mwananchi juu ya kompyuta au simu ingepaswa kujibu maswali machache: Inatumia wati ngapi? Gharama yake ni kiasi gani kwa miaka 5, pamoja na leseni, betri na matengenezo? Inafanya kazi gani mtandao usipokuwapo? Fundi wa Mbeya mjini aweza kuitengeneza? Ina Kiswahili? Na mwisho, je, aliyeandika alipewa mashine hiyo na mwenye kuiuza? Majibu hayo yakiwapo, jina la kampuni hubaki mahali pake panapostahili, yaani kuwa jina tu.

Msomaji naye ana sehemu yake. Asiposhawishiwa na picha ya kurasa mbili, akaandika barua kwa mhariri kuuliza wati na shilingi, mhariri atajifunza kuzitafuta. Vyuo vya ufundi na vyuo vikuu vya Nyanda za Juu Kusini, vilivyopo Mbeya na Iringa, vina wanafunzi na mita za kupimia umeme. Matokeo ya vipimo vyao, yakichapishwa katika gazeti au kusomwa redioni, yangemsaidia mwalimu mkuu kuliko tangazo lolote.

Wachimbaji wa kwanza waliokuja Lupa katika miaka ya 1920 na 1930 walivutwa na uvumi, na wengi walirudi makwao mikono mitupu. Waliokaa walijifunza kuosha mchanga, kupima na kuandika. Wajukuu wa elimu hiyo ndio wanaoketi leo kwenye mizani ya soko la Chunya, nao hawamwulizi mtu jina la mgodi wake kabla ya kuipima dhahabu yake. Mwalimu mkuu anayetoka mlango wa pili kwenda kununua kompyuta anastahili mizani kama hiyo.